Baba Mdogo Kyule Amebaki Mombasa

Soko la Tulia,
Kitui.
9 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Mbaluka,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Habari za Doha, na lile joto la huko? Kikohozi kimeisha? Sisi tuko wazima. Magoti ya mama bado yanamsumbua, na pojo tulivuna kidogo tu, lakini tunakula.

Nilikuambia kwa simu kwamba baba mdogo Kyule ametuacha. Laini ilikuwa mbaya, na mengine hayasemeki kwa simu.

Baba mkubwa Muthama alinituma nimlete nyumbani azikwe. Nilifika Changamwe, Mombasa, asubuhi, malori ya kontena yamepanga foleni, kina mama wanauza mahamri na mbaazi kando ya barabara. Banda la wachongaji wa vinyago, alikokuwa akifanya kazi, liko nyuma ya kelele hiyo. Nilishangaa kusikia Kikamba kila upande. Mzee mmoja aliniambia watu wetu waliijua njia ya Mombasa tangu enzi za kubeba pembe za ndovu kwa miguu. Vinyago vilikuja baadaye sana.

Mahali pa baba mdogo palikuwa pamefagiliwa. Twiga aliyekuwa akimchonga alikuwa ametoka kichwa na shingo tu, miguu bado imo ndani ya gogo.

Aliyemuuguza ni Farhiya, mwenye duka jirani. Watu wake ni wa Garissa, hana undugu wowote na sisi, lakini alimpikia uji mpaka siku ya mwisho. Nilipomwambia nimekuja kumchukua, akanishika mkono.

"Dada, usimwondoe. Aliomba alazwe kando ya mke wake."

Mbaluka, sisi tuliambiwa baba mdogo alipotelea Pwani. Hakupotea. Kalunde, mkewe, alipofariki, baba mdogo aliuleta mwili kwa gari mpaka langoni kwetu. Mimi na wewe tulikuwa shule ya bweni. Baba mkubwa akakataa azikwe shambani, eti kwa sababu hakuzaa. Farhiya anasema baba mdogo hakugombana na mtu. Aligeuza gari, jeneza likiwa nyuma, akarudi kumzika Mombasa. Hakukanyaga Tulia tena.

Nilimpigia baba mkubwa simu nikiwa pale pale dukani.

"Kyule ni wetu," akasema. "Mlete."

"Baba, na Kalunde alikuwa wa nani?"

"Mlete," akarudia. Nikamwambia simleti. Akakata simu, nami nikakaa juu ya kreti ya soda nikalia, maana sijawahi kumjibu hivyo.

Kesho yake akaja mwenyewe kwa basi, na koti lake la kanisani katika joto lile. Nilijua amekuja kunipiga vita. Alinipita tu. Alimwomba Farhiya ampeleke makaburini, akasimama mbele ya kaburi la Kalunde ameshika kofia, kisha akasema tu, "Chimbeni hapa kando."

Wachongaji waliimba kwa Kikamba. Farhiya alisimama kwenye ua wa makaburi na wanawake wenzake wa mtaani, wote wamevaa mabuibui. Wakati wa kufukia, baba mkubwa alichukua koleo. Vijana walitaka kumpokea, akakataa. Alifukia mpaka udongo ukajaa.

Tulipokuwa tunarudi, tumepita Voi, ndipo alipofungua mdomo.

"Nzilani, Kalunde alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilitafuta la kumwambia. Nilikumbuka kitambaa cha kijani alichofunga kichwani siku moja ya Krismasi, basi. Hata sauti yake siikumbuki.

"Sijui, baba," nikamjibu. "Nyumbani hakuna anayejua."

Aligeukia dirishani.

Mama anakusalimu sana, na Mutunga na mkewe pia. Usikae kimya muda mrefu. Mungu akutunze huko kazini, na siku ya kurudi akukutanishe na watu wanaokujua.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nzilani