Ukungu wa Wifi

Kitalu cha miche,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepoa? Sisi wazima. Mama analalamikia goti, ila ulimi wake hauna ugonjwa.

Nataka kukueleza habari za mkeo, na usinune. Namwonea wivu. Miaka kumi na minne naotesha nyanya hapa. Miche ikianza kuoza shina napiga dawa, mingine inapona, mingine inakufa. Wifi kaja juzi tu na chupa zake za wali uliooteshwa ukungu wa kijani. Anauchanganya na udongo, eti ukungu huo unakula ule unaoozesha miche. Nilicheka. Wali uliochacha ndiyo dawa?

Miche yake ikasimama wima. Mama, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, akawa anaita wateja waje kuiona. Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda. Kisha Mama akatangaza kwamba safari hii, ambaye trei zake za miche zitatoka salama ndiye atakayeshika ufunguo wa kitalu. Ufunguo wangu, kaka.

Wifi alipokwenda sokoni, nikamwagilia trei zake dawa yangu ya kuua kuvu. Nilijiambia namsaidia. Dawa haichagui: iliua na ukungu wake mwema. Nguvu ya dawa ilipoisha, maradhi yakarudi yakakuta hakuna mlinzi. Zangu nilikuwa nazipiga dawa kila wiki. Miche yake ililala yote.

Wifi akachukua udongo, akaunusa. Dawa ile ina harufu yake. Akanitazama, kisha akamwambia Mama, "Nadhani wali sikuuchemsha vizuri."

Nikaachiwa ufunguo. Jana nilikuta chupa mbili za ukungu mlangoni kwangu, Wifi kaniwekea kwa ajili ya trei zangu. Sasa namwonea wivu hata huo moyo wake.

Kesho baada ya chai namrudishia Mama ufunguo na kumwambia ukweli. Nimekuandikia wewe kwanza nisije nikageuka. Akinifukuza usinihurumie, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Shangazi anakusalimu, na binamu seremala pia. Mkeo hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nazibeba mimi, japo zinaniwia nzito. Mungu akukinge na hiyo baridi.

Dada yako akupendaye,
mwenye ufunguo mpaka kesho asubuhi.