Kadi Iliyobaki Sandukuni

Jumatatu, 23 Juni

Vitabu, vitabu, vitabu. Mikono inanuka vumbi na gundi. Kadi zilizo sandukuni bado ni nyingi mno.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kila kitabu kina kadi yake nyuma ya jalada. Mwanafunzi akiazima, anaandika jina lake kwenye kadi, mimi nabaki nayo sandukuni. Kitabu kikirudi, kadi inarudi mahali pake. Ijumaa wanafunzi wanaenda likizo, kwa hiyo Ijumaa sanduku liwe tupu. Asiye na muhuri wangu hapati bulletini yake ya matokeo.

Mkurugenzi wa shule amenikumbusha leo tena. Niko kwenye majaribio tangu Januari. Sanduku tupu, mkataba Septemba. Sanduku lisipokuwa tupu, hakusema. Nilielewa.

Mama Veneranda amekuja kunisaidia wiki hii. Ndiye aliyeshika maktaba hii miaka yote, alistaafu Desemba. Anapanga polepole, kama anayekunja nguo za mtoto.

Leo ni siku ya ishirini na tatu ya ndoa yangu. Nahesabu. Sioni aibu. Dezire alikuja kunichukua saa kumi na moja, bisibisi bado mfukoni, amemaliza kufunga umeme kwenye duka la mtu. Tulishuka kwa miguu hadi nyumbani Mbugangari. Alinibebea mkoba. Mume wangu! Nikiandika neno hilo nacheka peke yangu.

Napenda hata viatu vyake. Kila jioni anaviweka kando ya kitanda, vimeelekea mlangoni, kamba zimelegezwa. Kama askari. Nilimtania, akatabasamu tu.

Jumanne, 24 Juni

Solange wa Senior 3 alikuja mikono mitupu. Kamusi ameisahau kwao Bugeshi, juu kule. Nilimwambia arudi akailete. Bila kitabu hakuna bulletini. Nilitumia sauti ya ukali, niliifurahia kidogo.

Nyuma yangu Mama Veneranda aliangusha rundo zima la vitabu. Akatoka barazani. Alikaa huko muda mrefu.

Mwishoni kabisa mwa sanduku nimekuta kadi ya zamani, pembe zimekuwa laini. Kitabu cha ndege, kile cha picha za rangi. Umutoni Claire, S3. Penseli. Herufi zimelala nyuma kidogo, kama mtu anayepigwa na upepo. Kilipaswa kurudi Mei ya mwaka ule wa volkano, ardhi ilipotikisika siku baada ya siku na nusu ya mji ikakimbia. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Kigali kwa shangazi.

Nilimuuliza Mama Veneranda.

"Ile iache, mwanangu. Mi naiachaka kila mwaka."

Kwa nini? Akaendelea kuhesabu atlasi. Nilikasirika. Kila mwaka kuiacha si kazi. Na mkataba ni wangu, si wake.

Jambo jingine. Kiti cha kona ya dirishani. Nakisukuma mezani, nakikuta kimevutwa nje. Leo mara tatu. Hakuna anayekaa kona ile. Kimenikumbusha siku ya gutwikurura, wakwe zangu walipokuja kunifunua kama bibi harusi. Mama mkwe aliacha kiti kimoja wazi kati yake na Dezire. Nilidhani shangazi mtu amechelewa. Hakuna aliyekuja kukikalia. Kwa nini nakumbuka hilo leo?

Jumatano, 25 Juni

Siku ya wazimu. Foleni hadi uwanjani. Vitabu vyenye mafuta, vitabu vilivyolowa, kimoja kina mwiba wa sambaza, dagaa wa ziwani, katikati kama alama ya ukurasa. Nilimwonyesha mwenyewe. "Madamu, sambaza naye alikuwa anasoma," akasema. Foleni yote iliangua kicheko. Kila nikigonga muhuri wasichana wananong'ona, "Pole pole, pete itaanguka!" Nilijifanya sisikii. Nilisikia vizuri sana.

Mchana nikabandika orodha mlangoni. Majina saba ya wasiorudisha. Jina la kwanza, kwa wino mwekundu kwa sababu amechelewa kuliko wote: UMUTONI CLAIRE. Labda yuko mtu anayemfahamu. Labda ataona haya.

Mama Veneranda alikuwa ameshaenda kula.

Saa tisa ardhi ilitikisika. Kidogo tu, kama lori zito linapita. Wanafunzi walipiga kelele, kisha wakacheka. Aliporudi Mama Veneranda aliiona orodha. Akanitazama. Kisha akaketi karibu na sanduku, akaishika kadi ile kwa mikono miwili mpaka kengele ya jioni.

Solange hajarudi. Kule juu nyumba nyingi ni za udongo. Sitaki kufikiria.

Dezire hakuja kunichukua. Nilimkuta barabarani mbele ya nyumba yetu, amesimama tu, anaziangalia kuta.

"We iko muzima?"

Akanikumbatia hadi mbavu zikauma. Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi. Lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa nyuma ya bega langu, mlangoni, kama anayemngoja mtu atoke.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefanya kitu kibaya sana.

Ni jioni. Dezire yuko nje uani.

Saa sita aliniletea chakula shuleni. Alitaka kuomba radhi kwa jana. Maharage na ndizi, bado moto, amefunga kwa kitambaa cha harusi yetu. Nilimwona dirishani anapanda ngazi na moyo wangu uliruka. Kisha alisimama mlangoni. Hakuingia. Nilidhani ananitania. Nilipofungua, chombo cha chakula kilikuwa sakafuni na yeye alikuwa anavuka uwanja, anakwenda haraka, bila kugeuka.

Alikuwa amesoma orodha.

Mama Veneranda aliing'oa mlangoni. Alikuwa analia kwa hasira.

"Mi nilikuambia uiache!"

"Hukuniambia kwa nini, mama."

"Nilidhani bwana yako alikuambia. Claire ni dada yake."

Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mume wangu ni Habimana, dada yake ni Umutoni. Hakuna kitu kwenye majina kinachosema hawa wametoka tumbo moja. Ningejuaje? Dezire aliniambia walizaliwa watatu. Nilijua yeye na kaka yake. Wa tatu nilidhani yuko ng'ambo, atakuja siku moja na zawadi. Sikuuliza. Nilikuwa na furaha mno hata nikasahau kuuliza.

Nilikimbia nyumbani. Sanduku lake la bati, lile analowekea vifaa, lilikuwa wazi. Chini kabisa, chini ya nyaya, kitabu cha ndege. Kimevikwa karatasi ya kaki. Hakina hata mkwaruzo.

Alinieleza akiwa amekaa sakafuni. Sitaandika yote. Ardhi ilipoanza kutikisika vibaya wote walitoka nje, mama, baba, watoto watatu. Wote. Walikuwa wamepona tayari. Claire akapiga kelele kuwa kitabu cha shule kimebaki ndani. Dezire akamtania. Alikuwa anamtania kila siku.

"Nilimuambia, bila kitabu hakuna bulletini. Nilikuwa nacheka. Sikujua ataenda."

Akarudi ndani. Ukuta ukaanguka. Walimtoa amekikumbatia kitabu.

Bila kitabu hakuna bulletini. Maneno yangu. Neno kwa neno, nimemwambia Solange juzi, na nikaifurahia sauti yangu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kwetu kwa mama amekufa kila chumba. Nilitaka iko nyumba moja tu kwenye hajakufa."

Na mimi nikamleta. Kwa wino mwekundu.

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi Dezire aliweka kitabu mezani kando ya chai yangu. Alisema nikipeleke. Anajua habari ya mkataba. Hakuniangalia aliposema. Kidole chake kilikuwa bado juu ya jalada.

Nilikunywa chai. Nikaondoka. Kitabu nilikiacha pale pale.

Saa tatu Solange aliingia, tope hadi magotini, kamusi ndani ya mfuko wa plastiki. Wote wazima kwao. Nilimkumbatia mbele ya watu. Akashangaa. "Madamu, nimechelewa tu." Nilimgongea muhuri bila kufungua kamusi. Nikamwambia kwamba siku nyingine akisahau kitabu, aniambie tu. Kitabu ni karatasi.

Wengine watano walirudisha kabla ya saa nane. Sandukuni ikabaki kadi moja.

Mkurugenzi alikuja na kalamu yake. Nilikuwa nimeandika kwenye ripoti: Kitabu kimoja kiko nje. Kilipo ninajua. Aliuliza kwa nini basi nisikilete. Nilisema siwezi. Aliuliza nani anacho. Nilisema familia yangu. Mama Veneranda alisema, "Mkurugenzi, ni kile cha kila mwaka," lakini huyu ni mpya kama mimi, hakuelewa. Akatia saini chini ya ripoti, si chini ya mkataba. Tutaongea Septemba, akasema.

Nimeogopa. Naitaka kazi hii. Lakini sikujuta, nilijipima nikaona sijajuta.

Tulifunga madirisha mimi na Mama Veneranda. Nilimshukuru kwa wiki nzima, nikamwambia sasa naelewa kwa nini anakivuta kile kiti cha dirishani. Pale ndipo Claire alipokuwa anakaa?

"Ndiyo, pale," akasema. Kisha akanitazama. "Lakini mi sikukigusaka. Nilidhani ni wewe."

Tulisimama. Hakuna aliyekwenda kukirudisha mezani.

Kabla ya kufunga sanduku niliitoa kadi. Chini ya jina lake, kwa penseli, niliandika: Ameongezewa muda. Nikatia jina langu. Pembeni nikaandika herufi ndogo: wifi yake.

Jumamosi, 28 Juni

Umuganda asubuhi, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulizibua mfereji wa mtaa, Dezire na sepetu, mimi na ufagio. Majirani walitutania kwamba bibi harusi amechafuka. Kisha mkutano. Kisha nyumbani.

Alikitoa kitabu mwenyewe. Tulikifungua mezani, tukala viazi pembeni yake. Claire alikunja pembe ya ukurasa mmoja. Korongo mwenye taji. Dezire alisema Claire alikuwa anapenda kumwiga anavyocheza, mikono juu, na alikuwa anaanguka kila mara. Alicheka. Akalia. Akaomba viazi vingine.

Niliongeza kiti cha tatu mezani. Dezire akasogeza sahani kukipisha.

Sasa amelala, usingizi wa mchana, mdomo wazi. Ni mzuri sana, Mungu wangu. Siku ya ishirini na nane.

Viatu vyake viko huku kimoja, kule kimoja. Havielekei popote.

Vyangu nimeviweka kando ya kitanda, vimetazama mlango, kama ardhi itatikisika tena. Kamba nimezilegeza.