Lalamiko Nililoandika Mwenyewe

Shoga, leo nimeumbuka.

Si unamjua yule dada mpya ninayejibu naye malalamiko ya wateja kwenye ukurasa wa kampuni? Bosi kamsifu tena mbele ya watu. Mimi mwaka wa nne huu, hata asante sijaambiwa. Roho ikaniuma.

Nikajifanya mteja, nikaandika: "Huyo dada wenu mpya ana majibu ya dharau." Nikatuma.

Nimetuma kwa akaunti ya kampuni. Ya kampuni, shoga. Na tunaoitumia ni wawili tu, mimi na yeye.

Ofisi nzima imesoma. Yeye wala hakufuta, kajibu palepale: "Pole sana, dada. Niambie nilipokukosea, nirekebishe."

Unajua kinachoniuma? Lile jibu limenituliza.