Korongo Halina Kupwa na Kujaa

Jumapili, 31 Machi 1996
Mazoezi tena, hadi Kibarani na kurudi, kabla ya chai. Shanta mgongoni, limejazwa mchanga. Jaa linanuka, nzi wanatusindikiza. Mume wangu Bakari yuko mbele kama aliyetumwa na serikali. Tangu aache kazi ya mashine za boti Liwatoni, anataka kuona nchi isiyo na bahari. Aitembee kwa miguu, Baragoi hadi Ziwa Turkana, kabla magoti hayajamgomea. Namfuata kwa sababu siamini atarudi salama peke yake. Watu wa mtaani wanatucheka. Wana haki.

Jumanne, 2 Aprili
Biashara Street. Nimenunua doti ya leso, iwe shuka la safarini. Fundi wa kupinda ana foleni ndefu, nimeichukua hivyo hivyo, vipande viwili havijakatwa. Bakari kanuna, ati mzigo. Abebe wake.

Jumamosi, 6 Aprili
Kaskazini ya Baragoi. Jua la utosi. Mawe meusi, miiba, vumbi. Malengelenge visiginoni. Lekupe, mwenyeji anayetuongoza, hasemi sana. Jioni baridi, meno yanagongana. Nachukia kila kitu isipokuwa chai.

Jumatatu, 8 Aprili
Upepo umegeuka. Mawingu mazito mbali, kwenye milima. Juu yetu kweupe. Tumeingia korongoni, kuta ndefu kuliko minara ya kwetu. Kivuli, alhamdulillahi. Lekupe hataki tukae humu. Bakari asema yeye kakulia kwenye maji, hafundishwi maji. Tumegombana. Tumelala juu ya mwamba, kila mtu na upande wake.

Jumanne, 9 Aprili
Naandika nguo zikiwa bado mbichi.

Asubuhi Bakari alishuka kwenye mchanga kujaza chupa kidimbwini. Maji yakaja. Mwanzo kidogo tu, ya vifundoni, rangi ya chai ya maziwa. Lekupe akapiga kelele. Nami nikapiga. Bakari akapanda jiwe la katikati, akakaa!

"Tulia, Mwanaisha. Maji yajaa polepole. Yatapwa haya."

Maisha yake yote maji yamemjia kwa saa zake na kuondoka kwa saa zake. Pale tulipokuwa hapakuwa na tone la mvua, ilinyesha huko milimani. Nikasikia ngurumo, kisha magogo yakaja. Jiwe likamezwa, akabaki ameng'ang'ania ncha. Nikaisokota leso, nikaitupa. Haikufika. Lekupe akanishika kiuno, nikaingia hadi mapajani, nikatupa tena. Bakari akaidaka. Ingekuwa imekatwa isingemfikia.

Tulimvuta. Akatapika maji. Nikampiga kofi, nikamkumbatia. Yu hai. Mjinga huyu yu hai.

Alhamisi, 11 Aprili
Ziwa. Tumefika. Hakuna aliyeshangilia, tumeketi tu. Bakari haniangalii. Nimeshukuru, na nimekasirika, vyote pamoja.

Jumatano, 17 Aprili
Nyumbani, Mji wa Kale. Manyunyu tangu asubuhi. Nimefua karibu na dirisha. Nje barazani wanaume walimzunguka Bakari wapate habari. Nilijitayarisha kusikia jinsi alivyoogelea.

"Nalikuwa nishakwisha," akasema. "Mke wangu ndiye aliyenivuta."

Mmoja akacheka. Bakari hakucheka. Akarudia, kwa sauti zaidi.

Nilikaa sakafuni na povu mikononi, nikalia. Moyo umetua. Kisha nikasuuza shati lake, nikalianika ndani, maana nje bado kunanyesha.