Jina Nililokuwa Nikiliitikia

Mkuyuni, Morogoro
2 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Jesca,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata hujafungua bahasha. Hamjambo huko Bukoba? Shemeji mgongo unamwendeaje? Sisi tu wazima. Wifi yako Martina anakusalimu. Mvua za vuli zimechelewa kukatika na njia ya Kinole inateleza, lakini ndizi hazijatupungukia.

Ningeweza kupiga simu. Ila kwenye simu ningecheka katikati, kama kawaida yangu, na jambo lenyewe halichekeshi.

Unajua nasimamia nidhamu hapa shuleni, na wanafunzi wamenibatiza Hitla. Jina hilo nililipenda, Jesca. Nikikohoa tu nje ya darasa, ndani wote kimya. Nililivaa kama cheo.

Mwalimu Diana wa historia ana kikundi cha walimu na wazazi ambacho kila Januari hufanya kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi. Hubandika picha ukutani, huwaeleza watoto jinsi mamilioni ya watu walivyouawa kwa kosa la kuzaliwa Wayahudi, kisha husomwa majina ya baadhi yao. Mwaka huu aliniomba nisome mimi, kwa kuwa nina sauti. Nilifanya mazoezi jikoni, Martina akinisikiliza, nisije nikayaharibu majina ya watu.

Mgeni wetu alikuwa Mama Miriamu, bibi aliyezaliwa Moshi. Wazazi wake walikimbia Ujerumani; ndugu zao waliobaki huko waliuawa wote. Kiswahili chake kinanishinda mimi. Alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Niliposimama, wanafunzi walinipigia makofi. Mmoja akaanzisha, wengine wakadakia: "Hitla! Hitla! Hitla!" Walikuwa wananishangilia. Hawakuwa na ubaya wowote. Nami nimesimama pale, majina ya marehemu mkononi.

Diana aliinamisha kichwa. Nikasoma hivyo hivyo, na ile sauti iliyofanya niombwe haikutoka. Nilipofika kwenye jina la mtoto mdogo, wa umri wa Gabrieli wetu, nilishindwa kabisa. Diana akaja kunimalizia.

Tulipotoka, Mama Miriamu alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Mwalimu, wale watoto walikuwa wanamwita nani?"

"Ni utani tu wa watoto, mama."

"Nimeuliza walikuwa wanamwita nani."

"Mimi."

"Na wewe huwa unaitika?"

Nikasema huwa naitika. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinipa mkono, akaenda zake.

Kesho yake mstarini niliwaambia wanafunzi kwamba jina lile silitaki tena, na kwamba kosa si lao, ni la mtu mzima aliyeitika. Baadhi walicheka. Joyce wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, tutakuogopaje?" Alikuwa anauliza kweli. Mpaka leo swali hilo linaniuma kuliko makofi yale, maana nimeona nilichokuwa nikiwafundisha.

Nimemwomba Diana anipokee kwenye kikundi chake. Akasema, "Njoo Alhamisi. Ila uje kusikiliza." Nitakwenda.

Jana sokoni mzazi mmoja aliniamkia kwa heshima zote, mbele za watu: "Shikamoo Mwalimu Hitla!" Nikatua kikapu, nikaanza kumweleza, wauza nyanya wote wamegeuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilimaliza kumweleza.

Nawe nina ombi, mdogo wangu. Wanao wananiita Mjomba Hitla. Hawakulitoa mbali, walilisikia kwangu mwenyewe nikijisifu siku ya ubatizo wa kitinda mimba wenu. Waketishe uwaeleze mtu yule alikuwa nani na alifanya nini. Usinitetee. Waambie mjomba wao ameona haya, na kwamba baba alimpa jina zuri tangu mwanzo.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako Magdalena, na Godfrey akirudi likizo. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na mlale salama.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Agustino