Kuteremka Muyenga

Alhamisi, Namuwongo

Na bado Musa anacheka. Kesho asubuhi tunaenda milima ya Kisoro, marafiki watatu, kila mtu na pikipiki yake, na leo ameteremka kilima cha Muyenga injini ikiwa imezimwa, kama sisi watu wa boda tunavyookoa petroli mjini.

Nilikuwa nyuma yake, nikamfokea. "Huko milimani, bila injini kukushikilia, breki zitaungua. Utakufa."

"Ssebo, bwana, mimi nilizaliwa juu ya pikipiki," akajibu bila hata kugeuka.

Hasira ilinipanda. Sitaki kumpelekea mama yake maiti kwa sababu ya nusu lita.

Lakini kinachoninyima usingizi si Musa. Alinisikia kila neno. Tulipofika chini ndipo nikagundua kwamba hata injini yangu ilikuwa kimya.

Sikumbuki kuizima.