Kwa Mutie Ndambuki, Aliyepima Komiki kwa Haki

Mwaka mzima umetimia, mwanetu Mutie, tangu homa ya mapafu ilipokutoa kwetu Januari ile, ukiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Tulikulaza Kilungu karibu na babu yako, kisha tukarudi Nairobi. Tangu hapo hatujapumzika sawasawa.

Wasomao haya ambao hawakukujua, na waelezwe kazi uliyoifanya. Ulikusanya komiki za zamani za Marekani, zile za mashujaa wenye majoho wanaoruka juu ya majumba, zilizochapishwa kabla hujazaliwa. Ulizipata katika nyumba za wageni waliokuwa wakihama Lavington, na katika marundo ya vitabu vikuukuu kando ya barabara za mjini. Hukutaka komiki yoyote tu. Ulizitafuta zile zilizobaki karibu kama zilivyotoka mtamboni. Ulichunguza pini zisiwe na kutu, mgongo usiwe na mikunjo, rangi isiwe imefifia. Ndipo ukaipa komiki gredi yake katika kumi, ukaiandika kwenye lebo kwa mwandiko wako mdogo uliosimama wima, ukaibandika lebo juu ya mfuko wa plastiki. Watu walinunua kwa kuifuata lebo hiyo.

Mimi babako sikuzipenda komiki hizo, wala sizipendi leo. Nilichokipenda ni namna ulivyozishika. Uliosha mikono kwa sabuni ya kipande, ukaifuta, kisha ukaketi kuingoja ikauke kabisa kabla ya kuigusa karatasi. Uliwaomba wauza viatu wa Ngong Road vile vifuko vya kunyonya unyevu wanavyovitupa, ukavipanga masandukuni kabla ya baridi ya Julai. Dirisha la chumba ulimozihifadhi, nyumbani kwako mtaani Jamhuri, lilifunikwa pazia zito mchana kutwa, hata mama yako Annah akakuuliza kama unamficha mgonjwa wa surua.

"Mama, hawa wote ni wagonjwa," ukamjibu. "Wakiona jua wanakufa."

Nilikuwapo pia katika chumba chako cha kazi pale Biashara Street, siku Okinyi, muuza vitabu, alipokuletea komiki moja akiisifu.

"Buda, cheki hiyo kando. Iko safi kuliko ya duka."

Ukaigeuza chini ya taa. "Hiyo ndiyo inanishangaza. Kitu ya umri wa mzee wangu hapo, na imenyolewa leo asubuhi?"

Okinyi akacheka, akakubali kwamba kingo zilikatwa kwa wembe. "Lakini mtu mwingine hangejua."

"Huyo mtu mwingine si ndiye angeinunua kwangu?"

Akairudisha mfukoni bila kinyongo. Juma lililofuata alikuletea nyingine, isiyonyolewa.

Sasa tukueleze lililotupata, maana lisipoelezwa na sisi litaelezwa vibaya na wengine.

Tulipokuwa bado Kilungu baada ya mazishi, shangazi yako Kaindi alitangulia kurudi Jamhuri ili aiandae nyumba ya mjane. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yetu: vitu vya marehemu havifungiwi gizani, hutolewa nje vikapata jua na upepo, ndipo nyumba ikakalika tena. Akatoa godoro, akatoa blanketi na makoti yako. Kisha akazitoa komiki zote zilizokuwa rafuni, akazivua mifuko yake, akazianika uani juu ya mikeka, akizigeuza kama anavyogeuza mahindi. Zilikaa juani siku tatu, jua la Januari. Jioni ya siku ya tatu alizikusanya kwa upendo, akairudisha kila moja katika mfuko wake. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa anakulilia.

Mkeo Joyline aliporudi aliiinua moja tu, akaketi sakafuni. Nyekundu ya majoho ilikuwa imefifia ikawa kama ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na majalada yalikuwa yameanza kujikunja. Lakini lebo zako zilikuwa palepale juu ya mifuko, zikisema tisa nukta mbili, tisa nukta nne.

Bwana Obuya wa Mountain View, mteja wako wa miaka mingi, alikuwa ameahidi kuzichukua zote. Yeye alizoea kununua kwako bila kufungua mfuko. Joyline alizitegemea fedha hizo ili yeye na binti yenu Beryl wabaki katika nyumba ya Jamhuri. Zisipopatikana, wangehama. Hilo sote tulilijua tulipoketi sebuleni kulizungumza.

"Shem, lebo si ni mwandiko wake mwenyewe?" nduguyo Kitavi akasema. "Hujaghushi kitu. Na ni jua ya siku tatu tu. Hata mimi nikikaa kwa jua siku tatu sibadiliki."

"Wewe Kitavi hata kabla ya jua hukuwa tisa nukta mbili," Joyline akamjibu. Tukacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akasema taratibu, "Mwandiko ni wa Baba Beryl. Lakini komiki aliyoiandikia si hii tena."

Nikaulizwa neno la mwisho. Nikasema apime upya Joyline, aliyeketi kando yako ukipima miaka yote hiyo, na atakalolisema ndilo tutakalomwambia mnunuzi. Joyline akaosha mikono. Kwa majuma kadhaa alizipima moja moja, akizibandua lebo zako kwa mvuke wa birika, akiandika zake: saba, sita na nusu, nyingine tano. Baadhi zilichanika zikitoka. Alilia kidogo, akaendelea.

Bwana Obuya alikuja, akaelezwa yote, akaonyeshwa. Alisikitika kwa adabu. Alichukua sanduku lililokuwa chini ya kitanda, ambalo Kaindi hakuliona na jua halikulifikia. Zile za uani hakuzitaka.

Basi Joyline na Beryl walihama Jamhuri mwezi wa Agosti. Wanakaa Riruta, katika vyumba viwili, na Jumamosi Joyline hukaa kwenye meza mjini, akiziuza zilizobaki kwa gredi zake mpya. Zinatoka polepole.

Hivyo, mwanetu, katika nyumba zetu zote hakuna tena lebo hata moja ya mkono wako. Zilizosema kweli zimekwenda na sanduku, na zilizokoma kuwa kweli tumezibandua tukazitupa. Tulitamani kubaki na moja. Hatukuona njia ya haki ya kubaki nayo, maana lebo isiyo na komiki yake huweza kubandikwa juu ya uongo.

Tumechoka, Mutie, lakini hatuoni haya.

Unakumbukwa na mkeo Joyline Nanjala, binti yako Beryl, mama yako Annah, nduguyo Kitavi, shangazi yako Kaindi, na mimi babako, Hezekiah Ndambuki. Maadamu tunapumua, tutakukumbuka.